Ulisema "Nilijua"

Kamwene, mwanangu Faraja.

Salamu ziishie hapo, maana nitakuwa kichekesho nikianza kukuuliza habari za huko wakati wewe uko Makambako tu, umekwenda kununua godoro, na kabla ya ugali wa jioni utakuwa umesharudi hapa Kichiwa, wewe na godoro lako juu ya bodaboda. Mama yako yuko jikoni. Mimi nimekaa kwenye benchi la uani, jua linanipiga mgongoni, na nimechana karatasi katikati ya daftari la mdogo wako. Usione hivi, kuandika ni kazi. Mkono wangu umezoea kisu cha kugemea ulanzi, kalamu inaniteleza.

Kesho unakwenda Mlangali kuanza ualimu. Habari za blanketi, soksi, kuchemsha maji ya kunywa na kutoazimisha sufuria ovyo, mama yako amezisema mpaka umeziba masikio, kwa hiyo mimi siziongezi. Nina jambo moja tu, nalo limenikaa kooni tangu juzi.

Juzi nilikuwa nje ya dirisha lako nanoa jembe. Nikakusikia ukimwambia mama yako, "Mama, hili joho la kwaya mpe mtu mwingine. Mimi nilijidanganya. Sikuwahi kuokoka. Mtu aliyeokoka hafanyi nilichokifanya." Wewe ukaendelea kukunja mashati, na mimi nikaendelea kunoa jembe ambalo lilikuwa limeshanoleka zamani. Nilitaka kuingia nikwambie umekosea. Miguu ikagoma. Kwa nini iligoma, ndiyo nakuja kukueleza, ila itabidi nianzie mbali kidogo. Nivumilie. Unajua baba yako hawezi kusimulia jambo bila kupitia bondeni kwenye mianzi.

Wewe umezaliwa kwa mgema. Mianzi ile aliipanda babu yako, mimi nikairithi, na kila msimu wa mvua tangu ukiwa mgongoni mwa mama yako umeniona asubuhi na jioni nikichonga vichwa vya mianzi michanga na kuvining'inizia mbeta, vile vikopo vyetu vya mwanzi, ulanzi udondokee humo. Unaujua mtogwa, ulanzi uliotoka kudondoka, mtamu, hata watoto wanapewa. Unaujua na mkangafu, ulanzi uleule ukishalala, unaowafanya watu wazima waimbe njiani. Hakuna mtu anayeongeza chochote kati ya huu na huu. Unaachwa tu, unageuka wenyewe.

Na desturi ya usharika wetu unaijua, ingawa haijaandikwa popote. Pombe tumeikataa. Lakini mtogwa, ah, mtogwa si pombe! Mzee wa kanisa akikutwa na kikombe mkononi anasema ni mtogwa, na aliyemkuta anasema "Bwana asifiwe" anapita zake. Mimi mwenyewe ni mzee wa kanisa na ni mgema, na nimelala usingizi mzuri miaka yote hii kwa sababu ya neno hilo moja. Asubuhi nawapa watu mtogwa. Mchana mimi niko kwenye viazi, na huo ulanzi mchana unakuwa nini, nilikuwa sitaki kujua.

Halafu wewe ukaenda Makambako kwenye mkutano wa injili, ukarudi umeokoka. Loo, siku ile! Hukuingia hata ndani kunywa chai. Ulikwenda moja kwa moja bondeni ukamwaga mbeta zangu zote, moja baada ya nyingine, huku unaimba. Nilikukimbiza kuzunguka mianzi mpaka pumzi ikaniishia, nikakaa chini, na wewe ukakaa mbali kidogo, ukaniambia, "Baba, nakuheshimu, lakini tukate mianzi hii." Nikakuambia mianzi haina dhambi. Nilikuwa na hasira, sikatai. Lakini nikwambie leo ambalo sikukwambia: usiku huo nilicheka peke yangu kitandani kwa furaha. Nilisema, mtoto huyu ana moto, mtoto huyu ataniondolea uvivu wa moyo.

Jumapili iliyofuata ukatoa ushuhuda kanisani. Ulisema, "Wapendwa, dhambi kwangu imekwisha, imebaki historia." Kanisa zima likapiga makofi, na mimi pale kwenye benchi la wazee nilipiga kuliko wote. Mama yako hakupiga. Tulipokuwa tunarudi nyumbani nikamuuliza, kulikoni, hufurahi mwanao kuokoka? Akasema, "Nafurahi mpaka nalia. Mungu amempa moyo mpya, nauona kabisa. Lakini nani atamwambia mtoto kwamba kesho atakasirika, kesho kutwa atasema uongo, na bado atakuwa wa Mungu?" Nikamwambia, mama, acha Ukatoliki wako.

Unajua mama yako alikulia karibu na misheni, upande wa kule Njombe, kabla sijamwoa akaja kwetu Walutheri. Kuna kitu kimoja hakukiacha kule. Kila Jumamosi kabla ya chakula cha jioni anakaa kwenye kigoda chake jikoni, mikono kwenye mapaja, kimya. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unakuja kuniuliza, "Baba, mama anaumwa?" Nakuambia haumwi, anatafuta dhambi zake za wiki. Na mimi nilivyo mtani nilikuwa napita mlangoni namuuliza, "Mama Faraja, umeshazimaliza?" Ananijibu bila kufumbua macho, "Zangu nimemaliza, sasa niko kwenye zako." Tukacheka. Kwa miaka yote nilidhani ni mazoea ya kwao tu, kama mtu anavyoshikilia pishi la mama yake. Kumbe yule mwanamke alikuwa anafanya kazi ambayo mimi nilikuwa naikwepa.

Basi. Msimu huu wewe ukaanza kupita mianzini ukitoka kulima. Nilikuona. Siku ya kwanza ilikuwa asubuhi, umechoka, jua kali, ukanywa mtogwa kikombe kimoja. Nikasema moyoni, afadhali, ameacha ukali. Ukaanza kupita mchana. Ukaanza kupita jioni. Sikukuambia kitu, na ninajua kwa nini: uliponimwagia mbeta zangu uliniaibisha kidogo, na kukuona unakunywa kulinipa raha fulani mbaya. Ni aibu kuandika hivi. Lakini ni kweli.

Jumamosi ile ukaenda mazoezi ya kwaya umelewa. Sitaki kurudia yote. Mwalimu Zakaria alikuambia ukae pembeni upumzike, na wewe, mbele ya vijana wote na wale wasichana wa sauti ya kwanza, ukamwambia kwamba anaing'ang'ania kwaya kwa sababu nyumbani kwake hakuna mtoto wa kumwimbisha. Faraja! Mwalimu Zakaria na mkewe wamemzika mtoto wao pekee, na aliyekufundisha noti tangu ukiwa na meno ya utoto ni yeye. Aliweka kitabu cha nyimbo juu ya kiti, akatoka. Nilipoletewa habari hizo uso ulinishuka. Sikukasirika tu, niliogopa, sikujua tumefika wapi.

Sasa ndiyo nakuja kwenye jambo lenyewe.

Katikati ya wiki tukaitwa kikao cha wazee wa kanisa. Wote walinitazama mimi. Mchungaji akauliza kwa upole, "Baba Faraja, ilikuwaje?" Nilikuwa sijapanga kusema lolote. Lakini mdomo ukafunguka, nikasema, "Kijana alidhani ni mtogwa."

Laiti ungewaona. Kikao kizima kilishusha pumzi. "Aaa, basi, alidhani ni mtogwa," mmoja akasema, "hata mimi iliwahi kunitokea." Mwingine akasema, "Jua la siku hizi, ulanzi unawahi kuchacha." Wakakubaliana kwamba ulikosea kwa kutojua, uonywe tu, tuendelee na habari za bati za nyumba ya mwinjilisti. Na kila aliyekuwa mle ndani, Faraja, kila mmoja, alijua nimesema uongo. Mtoto wa mgema adhani mkangafu ni mtogwa? Wewe ukiwa darasa la kwanza ulikuwa unanusa mbeta unaniambia, "Baba, huu wa jana." Lakini hakuna aliyenipinga, kwa sababu maneno yale ni maficho yetu sote. Tungemtoa mmoja, tungetoka wote.

Nadhani mpaka leo hujui nani aliyapeleka maneno yale kwa Mchungaji. Ulidhani ni huruma ya wazee. Basi ujue. Ni mimi.

Jumapili ikafika. Matangazo yakasomwa, Mchungaji akasema, "Kijana wetu Faraja aliteleza wiki iliyopita kwa kutojua kinywaji alichokunywa. Wazee wameshazungumza, tumwombee." Watu wakaanza kuinamisha vichwa. Nikasema kimoyomoyo, asante Bwana, yameisha. Ndipo nikasikia benchi la nyuma linalia, na sauti yako.

"Baba Mchungaji, samahani, naomba nisahihishe. Si kwamba sikujua. Nilijua. Mimi nimezaliwa kwa mgema. Nilijua tangu nilipogusisha ulimi, nikaendelea. Na Mwalimu Zakaria sikumtukana kwa sababu ya ulanzi. Neno lile nilikuwa nalo moyoni kabla, tangu aliponinyima kuimba peke yangu siku ya tamasha. Ulanzi ulifungua mdomo tu."

Mimi nilitazama viatu vyangu. Nimekaa kwenye benchi la wazee miaka mingi, mwanangu, nimesikia watu wakitubu mpaka nimezoea. Wengi wetu tunatubu dhambi ya jumla. Tunasema, "Bwana, mimi ni mwenye dhambi," tunakaa, tunajifuta jasho, tumemaliza. Dhambi ya jumla haimwaibishi mtu. Nilikuwa sijawahi kumsikia mtu akitaja yake kwa jina lake, na kumkatalia Mchungaji kisingizio alichopewa bure. Nilikuonea aibu, na hapohapo nilikuonea fahari mpaka kifua kikauma. Vyote viwili kwa pamoja. Kama si kuogopa watu ningesimama nikakukumbatia.

Mchungaji alivua miwani. Akasema, "Faraja, Bwana amekusikia na sisi tumekusikia. Umesamehewa. Njoo mezani na wenzako." Maana siku ile Meza ya Bwana ilikuwa imeandaliwa. Ukatikisa kichwa, ukatoka nje. Na tangu siku hiyo hujashiriki, na sasa unataka kwenda Mlangali na kuliacha joho lako hapa kama mtu aliyerudisha nguo ya kuazima.

Unajua mimi nilifanya nini siku ile? Nilikwenda mezani. Nilisimama na wazee wenzangu kwenye mstari wa kwanza, uongo wangu bado uko mdomoni, nikapokea, nikarudi kukaa. Mimi niliingia, wewe ukatoka. Mwanangu, jambo hilo ndilo linaloninyima raha.

Mama yako nilimweleza siku hiyohiyo. Nilidhani atanifokea. Alikaa kwenye kigoda chake, akasema, "Wote wawili mmekosea njia, mmoja huku, mmoja kule. Wewe umekwenda kula kana kwamba hukuwa mgonjwa. Yeye amekataa kula kwa sababu ni mgonjwa. Kwani chakula kile kiliwekwa kwa ajili ya nani?" Akaendelea, na unajua mama yako akianza, "Ile sala Bwana aliyotufundisha inaomba chakula cha leo, na hapohapo inaomba msamaha. Kama alitegemea watu wake wakishaokoka hawatakosea tena, si angetuambia tuombe msamaha mara moja tu, tubaki tukiomba ugali?"

Nimeisema sala hiyo maisha yangu yote, na sikuwahi kuiona hivyo.

Sasa nisikilize, na nasema haya mimi baba yako, si mzee wa kanisa. Umesema hukuwahi kuokoka. Nakukatalia. Nieleze hili: kisingizio kilikuwa tayari. Kimepikwa, kimepakuliwa, Mchungaji mwenyewe amekuletea mbele ya kanisa zima. Ulichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Ungenyamaza, leo ungekuwa na joho lako, na heshima yako, na mimi na yangu. Nani alikusimamisha? Mimi sikuwa na nguvu hizo, nami si mtoto. Wazee wote wale hawakuwa nazo. Usiniambie ni tabia nzuri uliyolelewa nayo, maana aliyekulea ndiye aliyedanganya kikao. Ni yuleyule aliyekupa moyo mpya kule Makambako. Hakuondoka uliposhika kikombe, alikuwa anakungoja benchi la nyuma.

Usije ukadhani nausifia ulevi. Ulichomfanyia Mwalimu Zakaria kilikuwa kibaya na kitabaki kibaya. Lakini hata hapo, kijana, umenifundisha. Mwalimu amenisimulia mwenyewe. Kumbe ulikwenda kwake jioni ya Jumapili ileile, ukapiga magoti, na alikuambia, "Nimekusamehe, ila bado inauma. Njoo tena Jumatano." Mtu mwingine angesema, nimeshaomba msamaha, anataka nini tena? Wewe ukaenda Jumatano. Ukaenda na Jumatano nyingine, mkapukuchua mahindi bila kuzungumza sana. Mwalimu aliniambia, "Baba Faraja, watu wengi huja kuniomba radhi wameshika sababu mkononi. Mwanao alikuja mikono mitupu." Halafu akageuza uso akatazama barabarani. Nilijua analia, nikajifanya natafuta kofia yangu.

Ulikosea neno moja tu, mwanangu, kwenye ule ushuhuda wako wa kwanza. Ulisema imekwisha. Hapo ulijitengenezea mtego, maana mtu anayeamini dhambi kwake imekwisha, ikija ataiitaje? Ataiita mtogwa. Itabidi aiite hivyo, hana jina jingine. Mimi nimeiita hivyo miaka mingi bila hata kuokoka kwa moto kama wako. Kunywa kidogo, ni mtogwa. Kumsema jirani, ni kumwombea tu. Kumfurahia mtoto wangu akianguka, ni kumfunza adabu. Ulimi unajua lakini mdomo unasema sikujua.

Kumbuka lile shamba la juu, tulipovuna viazi tukapanda mahindi. Vile viazi vilivyosalia ardhini vikachipua katikati ya mahindi, maotea yale, na kila tukiyang'oa wiki hii, wiki ijayo yamechungulia mengine. Ulilalamika sana, mgongo ulikuuma. Lakini hakuna jirani aliyepita akasema hili si shamba la mahindi. Lilikuwa shamba la mahindi. Na wewe hukuyaacha ukasema hayana neno, maana unajua yanavyohifadhi ugonjwa wa mnyauko. Ulikuwa unainama unang'oa, basi. Mimi naona maisha ya Mkristo ni hivyo hivyo, na usinitake maelezo ya kitaalamu zaidi ya hayo, elimu yangu imeishia hapo.

Siku chache zilizopita nilimwambia mama yako kwamba nimeamua, nitakata mianzi yote. Nilishachukua na panga. Nilitaka ukiondoka uione imelala, ujue baba yako ametubu. Mama yako alinitazama kutoka juu mpaka chini, akasema, "Mianzi ndiyo iliyosema uongo kikaoni?" Aisee, mwanamke huyu! Nikarudisha panga. Alinishika pabaya, kwa sababu kukata mianzi ni kazi ya siku mbili na jasho, na baada ya hapo watu wangenisifu. Ninachodaiwa kufanya ni kazi ya sentensi moja.

Kwa hiyo nimekwenda kwa Mchungaji, nimemwomba nafasi Jumapili hii, wakati wa matangazo. Sikumwambia ni nini, ingawa nafikiri amehisi. Mzee mwenzangu mmoja alipata fununu, akaja hapa jana kunisihi. Alisema, "Baba Faraja, wewe ukisimama, sisi tutakaa wapi?" Nilimwonea huruma, maana ni rafiki yangu. Huenda wakaniondoa kwenye benchi la wazee. Huenda nikakaa nyuma kwa muda, palepale ulipokuwa umekaa. Naogopa, Faraja. Mtu mzima kama mimi, mvi zote hizi, naogopa kusimama mbele ya watu waliozoea kuniamkia shikamoo. Usiku naamka nayapanga maneno, asubuhi nakuta nimeyarembesha tena, nimeweka "labda" hapa na "kwa kuwa nilikuwa na uchungu wa mzazi" pale. Nayafuta. Kila nikiyafuta najikuta nimerudi kwenye neno lako. Hakuna fupi kuliko hilo na hakuna gumu kuliko hilo.

Ndiyo maana juzi miguu iligoma kuingia chumbani kwako. Ningekuambia nini? Usijione hufai, na mimi ndiye niliyekula meza ile na uongo mdomoni? Nilitaka kwanza niwe na kitu cha kukuambia.

Joho lako halikwenda kwa mtu. Nimelichukua kwa mama yako, nimelikunja mwenyewe, vibaya kama utakavyoliona, na nitaliweka chini kabisa ya begi, chini ya yale mashati, na barua hii ndani yake. Utakapoikuta utakuwa umeshafika Mlangali, kwa hiyo kulirudisha huwezi, nauli yako mfuko wako unaijua. Huko hawakujui. Usiwaambie umeokoka kwa ile sauti ya zamani, na usiwaambie hujaokoka. Waambie unaimba besi. Mengine wataona wenyewe, wataona na maotea yako pia, usiogope.

Na Jumapili hii wakitandika meza, nenda. Nakuomba kama baba. Usingoje mpaka ujione safi, utakufa na njaa unangoja. Siku ile Mchungaji alipokuambia umesamehewa, hakuwa anakuuliza maoni yako.

Nasikia bodaboda inapanda kilima. Ni wewe, naona na godoro limefungwa kamba nyekundu, dereva anainama kama anabeba nyumba. Mama yako ameshatoka na kanga ya kupokelea. Ngoja nifiche karatasi hizi nisije nikaulizwa.

Jumapili, mkiwa mnaimba huko, huku Kichiwa matangazo yatakuwa yanasomwa. Nitasimama. Sitasema alidhani, sitasema nilidhani. Nitasema wewe ulijua, ukasema, na kwamba mimi pia nilijua.

Baba yako